Barua kwa Mwanangu: Nauli ya Wanafunzi

Lindi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi ni wazima, na mama yako kaisoma barua yako kabla yangu, kama kawaida yake. Umeniuliza kama fedha mlizopata za kuwapeleka wanafunzi kwenye kongamano la mekanobiolojia, hiyo fani yenu ya jinsi seli na mifupa inavyoitikia mizigo na misukumo, muwalipie wawili kila kitu, au muwagawie sita nusu nusu na iliyobaki wajitafutie. Kabla ya hilo nataka kujua jambo ambalo hukuliandika: fedha hizo mwanafunzi atazishika kabla ya safari, au baada ya kuleta risiti?

Unamkumbuka yule kijana wa Rondo, mwanafunzi wangu, niliyekuwa nikimtaja kila tulipochinja kuku. Alikusanya mifupa ya mapaja ya kuku wa kufungiwa na ya kuku wa kuzurura, akaulaza kila mmoja juu ya matofali mawili, akaning'iniza kopo katikati na kulijaza mchanga kidogo kidogo mpaka mfupa ukavunjika. Ya kuku wa kufungiwa ndiyo iliyowahi kuvunjika. Akaalikwa kwenda kuyaonyesha hayo kwa bango Dar es Salaam, na barua ya mwaliko ikasema nauli itarejeshwa kwa risiti. Mama yake akauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kabla ya msimu, ili mwanawe apate nauli. Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa bado, hilo lilikuja mwaka 2003, kwa hiyo tulipanda lori, tukangoja kivuko pale Rufiji, tukapanda lori jingine. Na ni lori gani lililowahi kutoa risiti?

Lakini ungemwona! Daktari mmoja alimwuliza kwa nini kuku wa kuzurura wawe na mifupa migumu ilhali wa kufungiwa ndio wanaoshiba. Kijana akajibu bila kusita kwamba kuku wa kwao hulala juu ya mkorosho, na kila asubuhi huruka na kutua chini kwa kishindo. Yule daktari akavuta kiti, akakaa. Ningelipeleka mimi bango lile, jibu hilo lisingepatikana, maana si mimi niliyeamka alfajiri kuwatazama kuku wale. Aliyefanya kazi ndiye aisemee kazi yake. Mmelisikia hilo kwangu mpaka mmelichoka. Madai yetu yalirudishwa kwa kukosa viambatisho, na yule mama hakulipwa hata senti. Roho inaniuma hadi leo.

Unasema mwenzako kwenye kamati anaamini kwamba kijana akijichangia ataithamini safari, na kwamba anamtaja Julius Wolff, yule daktari Mjerumani aliyeandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Nimeyafundisha hayo miaka mingi, siwezi kuyakana: wanaanga wanaokaa angani miezi mingi, ambako mifupa haibebi uzito wa mwili, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Pengine ana haki. Lakini majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba mzigo unaoujenga mfupa ni ule unaokuja na kuondoka. Ule uliotulia palepale hauuamshi. Deni la nauli ni mzigo wa aina hiyo ya pili.

Tena katika fani yenu hiyo hiyo, Ardem Patapoutian alipopata Nobeli mwaka 2021 pamoja na David Julius, nyuma yake kulikuwa na Bertrand Coste, mtafiti kijana wa maabara yake, aliyezima jeni 72 zilizoshukiwa, moja moja, hadi akaipata ile inayoiwezesha seli kuhisi kubonyezwa. Kwenye andiko la mwaka 2010 lililotangaza ugunduzi huo, jina la Coste ndilo la kwanza, mahali anapowekwa aliyeifanya kazi. Aliyefanya kazi ndiye aisemee kazi yake.

Basi ni wawili au sita? Sita wanapendeza, na mlango unafunguliwa kwa wengi zaidi, hilo nalikubali. Ila ile nusu ya pili ataitoa nani, na atakopa wapi? Unaona, nimeshaanza kuamua, na kamati si yangu. Nendeni kwanza kwa mhasibu mwulize kama wanafunzi wanaweza kupewa masurufu kabla ya kuondoka. Akikubali, pimeni wenyewe. Akikataa, niandikie kabla kikao hakijakaa, nami safari hiyo sitajizuia kusema.

Baba yako