Jibu: Mwenzetu anatishia kusambaza picha za rafiki yetu

Umeuliza mfanye nini na huyo mwenzenu wa chuo anayetishia kusambaza picha za utupu za msichana wa kundi lenu. Kwanza, msimkabili. Hapo ndipo wengi huharibu: akishtuka tu, anafuta jumbe zake WhatsApp na ushahidi umeenda. Msichana apige skrinshoti zinazoonyesha namba, tarehe na saa. Picha zenyewe msitumiane, hata eti kama ushahidi; kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018 kinaweza kumnasa anayezipitisha pia: faini hadi shilingi 200,000, jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Akidaiwa pesa ili picha zisisambazwe, asitume, atadaiwa zaidi. Aripoti kituo cha polisi, asiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha afike DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road, Nairobi. Na tafadhali, msimhoji kwa nini alipiga picha hizo.