Rula Kwanza, Rimu Baadaye: Kwa Mwenye Gari Lenye Madigadi Mapana

Kijana mmoja wa Arusha ameniandikia kuomba ushauri. Baada ya shikamoo iliyokaribia kulizidi swali lenyewe kwa urefu, ameeleza kwamba Toyota 86 yake imetoka kwa fundi wa bodi ikiwa na madigadi yaliyopanuliwa, na kwamba amepata seti ya rimu za inchi 18, upana wa inchi 9.5, ofseti 38 (yaani uso wa kufungia gurudumu uko milimita 38 nje ya mstari wa katikati ya rimu), zilizovuliwa kwenye Mark X. Rimu hizo zina matundu matano kwenye duara la milimita 114.3, ilhali gari lake ni la milimita 100, kwa hiyo muuzaji amemshauri aweke adapta (kipande cha kati kinachobadilisha matundu na kulisogeza gurudumu nje) ya milimita 25 kila gurudumu na kumhakikishia kwamba "zitakaa tu". Anataka nimjibu ndiyo au hapana.

Nitamjibu, ila kwanza nieleze nilivyozipata za kwangu, kwa sababu gari lake na langu ni ndugu, na kwa sababu neno hilo "zitakaa tu" nimelisikia kwa wauzaji wengi mno. Sitapoteza muda kueleza kwa nini mtu mwenye akili timamu hukata madigadi ya gari lisilo na kasoro; aliyesoma hadi hapa ana ugonjwa huo tayari.

Madigadi yangu yalipokamilika, niliendelea kutembelea rimu za asili za inchi 17 zenye matairi ya 215/45 (upana wa milimita 215, na ukuta wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo), na niliendelea hivyo kwa muda mrefu kwa makusudi kabisa. Gari lilionekana kituko. Kwenye mkusanyiko mmoja wa wenye magari hapa Dar es Salaam, jamaa mmoja alisema mbele ya watu kwamba gari langu limefanana na mtoto aliyevaa suruali ya baba yake, watu wakacheka, na picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa siku nyingi. Ninakiri kwamba iliniuma, na bado huniuma kidogo ninapomwona mhusika. Hata hivyo sikununua rimu kwa ajili ya kuwanyamazisha, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza kupima. Leo gari hilohilo husimamishwa kwenye vituo vya mafuta na watu nisiowafahamu wanaotaka kulipiga picha, nami nitakuwa mnafiki nikisema sifurahi.

Tufike kwenye kupima. Inasaidia kukumbuka kwamba madigadi mapana yalizaliwa kwenye mashindano, katika magari kama Nissan Skyline GT-R ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, BMW 3.0 CSL na baadaye Porsche 935, ambako wahandisi walitaka tairi pana kwanza kisha wakatafuta namna ya kulifunika. Sisi tunafuata njia ya kinyume: tunafunga bodi iliyochorwa na Kei Miura, mbunifu wa Kijapani wa bodi pana, au na fundi wa mtaani aliyeiga mchoro wake, halafu tunahangaika kutafuta gurudumu la kujaza pengo. Hakuna ubaya wowote katika hilo, mradi pengo lenyewe lijulikane kwa milimita. Kijana wangu amenipa vipimo vyote vya rimu na hakunipa hata kimoja cha gari lake.

Hesabu ni ya shule ya msingi. Rimu ya asili ya 86 ina upana wa inchi 7 na ofseti 48. Inchi 7 ni milimita 177.8, na nusu yake ni 88.9, ukiondoa 48 unabaki na 40.9, yaani ukingo wa nje wa rimu umetokeza milimita 40.9 kutoka kwenye uso wa habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Ukijumlisha 48 badala ya kuiondoa unapata 136.9, ambao ni umbali wa ukingo wa ndani, upande wa shokapu. Rimu yoyote mpya ifanyie hesabu hiyohiyo, kisha linganisha. Ni kweli kwamba upana wa rimu hupimwa pale tairi linapokalia na kwamba rimu nzima kwa nje ni pana zaidi kwa takriban inchi moja, lakini kwa kuwa unalinganisha rimu na rimu, ziada hiyo inajifuta yenyewe.

Baada ya hapo unakwenda kwenye gari. Nililisimamisha kwenye sakafu iliyonyooka, usukani ukiwa umenyooka, nikaning'iniza uzi wenye nati mwishoni kutoka kwenye ukingo wa madigadi, nikapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu ya asili. Mbele nilipata milimita 70 na nyuma 85. Nilipima pande zote mbili, na ninasisitiza zote mbili, kwa sababu madigadi yaliyofungwa kwa mkono hayalingani kushoto na kulia. Ya kwangu yalipishana kwa milimita kadhaa, na kipimo nilichokifuata ni cha upande mwembamba. Fundi wa bodi alinuna nilipomwambia. Mwache anune.

Kutoka kwenye pengo hilo niliondoa milimita 5 za usalama, nikabaki na 65 mbele na 80 nyuma. Rimu ya inchi 9.5 yenye ofseti 15 hutokeza milimita 105.65, yaani karibu 64.75 zaidi ya ile ya asili, na kwa ndani hubaki mahali palepale kwa tofauti ya milimita moja tu. Hiyo ndiyo mbele yangu. Kwa nyuma nilihitaji upana uleule ukiwa na ofseti sifuri, inayotokeza karibu milimita 79.75 zaidi. Tatizo ni kwamba 86, kwa kuwa ilitengenezwa pamoja na Subaru na kuingia sokoni mwaka 2012 ikiwa na habu ya matundu matano kwenye milimita 100, si gari rahisi la kulipatia rimu pana. Rimu nyingi pana zinazopita kwenye masoko yetu ni za 114.3. Nilichofanya ni kutafuta seti moja ya 114.3 yenye ofseti 40, nikaifunga kwa adapta za milimita 25 mbele na za milimita 40 nyuma. Arobaini ukitoa 25 ni 15. Arobaini ukitoa 40 ni sifuri. Rimu zote nne ni sawa, matairi yote manne ni sawa, na ninaweza kuyahamisha ya mbele kwenda nyuma ili yaishe pamoja, jambo ambalo wenye rimu pana zaidi kwa nyuma hawawezi kulifanya.

Najua adapta zina sifa mbaya, na baadhi ya adapta zinastahili sifa hiyo. Adapta ninayoikubali imechongwa kwa aluminiamu ngumu na ina tundu la katikati la milimita 56.1 linalobana habu ya 86 bila kucheza. Kwa upande wa nje ina mdomo unaolingana na tundu la rimu, au pete ya kuziba tofauti pale tundu la rimu linapokuwa kubwa zaidi. Stadi za asili za gari, yaani zile skrubu za habu zinazoshika nati, zisitokeze nje ya uso wake, la sivyo rimu haitakaa bapa. Jingine ambalo wengi hulipuuza ni uzi wa nati, yaani meno yake ya ndani: 86 hutumia uzi wa Subaru, kipenyo cha milimita 12 kwa 1.25 kati ya jino na jino, wakati Toyota nyingine kama Mark X hutumia 12 kwa 1.5. Nati ya Mark X huingia kwenye stadi ya 86 kwa mizunguko michache ya kukudanganya, kisha huanza kula uzi.

Sasa nimjibu kijana wangu. Ofseti 38 ukitoa adapta ya 25 ni ofseti 13. Rimu zako zitatokeza karibu milimita 67 zaidi ya zile za asili, na kwa ndani utapata nafasi ya milimita 3 zaidi, hivyo usiwe na wasiwasi wa kugusa shokapu. Ikiwa uzi na rula vitakuonyesha milimita 72 au zaidi kwenye madigadi ya mbele, jibu ni ndiyo. Ikiwa ni pungufu kidogo, kumbuka kwamba kila digrii moja ya kulaza tairi kwa ndani huvuta sehemu yake ya juu kwa takriban milimita 5.5, nami natembelea digrii mbili mbele bila kuona tairi likiliwa upande kwa kiasi cha kunikera. Ikiwa ni pungufu sana, jibu ni hapana, hata kama bei ni ya kutupa. Kwa nyuma, ambako madigadi ya namna hii huwa mapana zaidi, adapta za milimita 25 huenda zikakuacha na gurudumu lililozama, na hilo utalitibu kwa adapta nene zaidi baada ya kupima.

Kipimo cha gari lililosimama hakitoshi. Mbele, zungusha usukani hadi mwisho pande zote na uangalie kona ya bampa na plastiki ya ndani ya madigadi. Mimi nilipunguza plastiki hiyo na kuipinda kwa joto. Nyuma, toa springi, funga gurudumu, kisha inua habu kwa jeki hadi mpira wa kuzuia shokapu ubanwe kabisa. Hapo ndipo utakapojua gari litakavyofanya likivuka tuta likiwa na abiria. Ni kazi ya nusu siku yenye jasho na grisi, na haina picha nzuri ya kuweka Instagram, na nadhani hiyo ndiyo sababu watu hawaifanyi.

Kuhusu matairi nina msimamo mkali. Nimefunga 255/35R18 pande zote. Kipenyo chake ni karibu milimita 636 dhidi ya 625 cha tairi la asili, tofauti ya asilimia 1.7, hivyo mshale wa mwendo ukionyesha 100 gari linakwenda karibu 102. Tairi hilo limekusudiwa rimu ya inchi 8.5 hadi 10, kwa hiyo kwenye 9.5 ukuta wake unasimama wima na kuilinda rimu. Walionicheka walinishauri nifunge 225/40 nilivute hadi likae, kwa sababu ndivyo inavyofanyika kwenye picha za Japani. Tairi la 225/40R18 halikukusudiwa rimu inayozidi inchi 9. Ukilivuta, ukingo wa rimu hubaki wazi bila kinga, na barabara zetu baada ya mvua za masika mnazijua.

Vijana wenzangu, niruhusuni niseme bila kupaka mafuta. Gari linalokuzwa na mwenye nalo halijengwi kwa ajili ya jamaa wa kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwenye bodi na rangi, kisha wakanunua matairi ya mtumba yaliyokauka kwa sababu bajeti imeisha, wakati tairi ndilo kitu pekee kinachogusa barabara. Soma tarakimu nne za tarehe pembeni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma na nambari ya uzito. Tairi la asili la Toyota 86 lina nambari 87, yaani hubeba kilo 545 kwa tairi moja, na usishuke chini ya hapo. Mwenye haraka ya kupendeza Jumamosi hii atapendeza Jumamosi hii tu. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema: pima kwanza, na ukishapima, pima tena.

Mjue pia gharama isiyoonekana, kwa sababu sipendi kuuza ndoto. Kusogeza gurudumu nje kwa kiasi hiki huongeza mzigo kwenye beringi, na mbele huufanya usukani kuwa na ukaidi: ukipiga breki gurudumu moja likiwa kwenye shimo, utauhisi ukivutwa mkononi. Mimi nimeizoea hali hiyo na ninazikagua beringi mara kwa mara kwa kuinua gari na kulitikisa gurudumu juu na chini. Asiyetaka usumbufu huo apunguze upana wa madigadi yake kabla hayajapakwa rangi.

La mwisho ni kukaza. Nati za 86 hukazwa kwa nguvu ya Nm (newton-mita) 120, kwa spana yenye kipimo na kwa mpangilio wa nyota, kisha hurudiwa baada ya kilomita 100 hivi. Kwa mwenye adapta maana yake ni kazi mara mbili, kwa kuwa nati zinazoishikilia adapta kwenye habu zimejificha nyuma ya rimu. Kuzikagua kunahitaji kuvua magurudumu yote manne, na gereji nyingi zitakaza zile za nje tu na kukwambia kwamba kazi imekwisha. Simama hapohapo, uwaombe wavue.