Gari la kukodi mpaka kulimiliki: je, nisaini?

SWALI: Assalamu alaykum Shehe. Mimi ni mjane wa hapa Lubumbashi, nauza unga, samaki wakavu na mafuta kwa jumla. Kampuni moja ya sous-traitance, yaani inayofanyia kazi kampuni kubwa kwa mkataba, imenipa kazi ya kupeleka vyakula Kolwezi kila wiki, lakini haitaki gari kuukuu. Nimepata wenye pikapu mpya, kwa mkataba wa crédit-bail, yaani kukodi ukiwa na hiari ya kununua mwishoni. Bei ya gari ni dola 32,000. Natoa 6,000 mwanzo, kisha 850 kila mwezi kwa miezi 36, na mwishoni nikitaka gari liwe langu naongeza 4,500. Mwisho wa kilomita ni 20,000 kwa mwaka, kila kilomita inayozidi ni senti 15 za dola. Nikichelewa, asilimia 2 kila mwezi. Gari likiibiwa au likiungua, naendelea kulipa hadi mwezi wa mwisho. Mwalimu mmoja ameniambia ni riba tupu, nisiguse. Mwingine amesema ni kodi tu, kodi ni halali, na sharti baya linaanguka lenyewe kama katika hadithi ya Barira, basi nisaini. Shemeji yangu naye anasema si heshima mama wa Kiislamu kubishana bei na wanaume ofisini. Nina wiki mbili. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Mungu amrehemu marehemu na akuwekee baraka katika unga wako. Nilikuwa na barua za kabla ya hii, lakini nimeitanguliza kwa sababu ya zile wiki mbili, na kwa sababu ushauri wa “saini tu” nimeusikia mara nyingi mno mwaka huu.

Aliyekuambia usiguse kabisa amekaza mahali ambapo sheria haikukaza. Kukodi kitu na baadaye kukinunua si haramu kwa dhati yake. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililijadili jambo hili Riyadh mwaka 2000, katika azimio la 110. Likakataza kodi inayogeuka umiliki yenyewe bila mkataba wa pili, na likaruhusu kodi ya kweli inayofuatana na ahadi ya kuuza mwishoni kwa bei ambayo pande mbili zimekubaliana. Zile 4,500 zako, maadamu una hiari ya kununua au kurudisha gari, hazina tatizo. Hata tofauti ya dola 9,100 kati ya bei ya gari na jumla utakayolipa siiti riba, ikiwa kodi ni kodi kweli.

Shida iko kwenye hilo “ikiwa”, na hapo ndipo ninapogombana na yule wa pili.

Yeye ameangalia kichwa cha karatasi. Karatasi inasema kodi, basi ni kodi. Lakini Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema, kama alivyopokea Bibi Aisha katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba faida huendana na dhamana: anayekula pato la kitu ndiye anayebeba hasara yake. Wanachuoni wetu wa Kishafii wameandika wazi kwamba mnyama wa kukodi akifa njiani bila uzembe wa aliyemkodi, kodi inakatika tangu siku hiyo, na mkodi halipi thamani ya mnyama, kwa kuwa alikuwa mikononi mwake kwa amana. Sasa soma mkataba wako. Gari likiungua njiani, pale Likasi, bila kosa lako, manufaa yamekwisha, wewe unaendelea kulipa 850. Unalipia nini? Hakuna gari. Kilichobaki ni pesa iliyotoka kwao na kurudi kwao ikiwa imeongezeka. Huo ni mkopo wenye nyongeza, hata kama kila ukurasa una neno la kodi na mhuri juu yake.

Atasema: lakini pande mbili zimeridhiana, na Qur'ani inasema biashara iwe kwa kuridhiana. Aya hiyo, ya 29 ya Sura An-Nisaa, inaanza kwa kukataza kula mali kwa batili. Ridhaa haihalalishi batili. Wala riba waliokuwa wakiila Makka haikuchukuliwa kwa mtutu. Mdaiwa aliitikia mwenyewe alipoambiwa lipa au zidisha. Asilimia 2 kwa mwezi wa kuchelewa ni maneno hayohayo, na Jopo lililisema bila kuzunguka tangu mwaka 1990 katika azimio la 51: mdaiwa aliyechelewa haongezewi deni, hata kama liliandikwa sharti tangu mwanzo. Mwenyezi Mungu amesema katika aya ya 280 ya Sura Al-Baqara kwamba mwenye dhiki angojwe mpaka apate nafasi.

Imebaki hoja yake ya Barira, na hii nitakaa nayo, maana ina sura ya elimu. Barira alikuwa mtumwa aliyeandikiana na mabwana zake ajikomboe kwa ukia tisa (ukia ni kipimo cha fedha cha zamani), kila mwaka ukia moja. Bibi Aisha akataka kulipa zote na kumwacha huru, wenyewe wakang'ang'ania sharti kwamba haki ya urithi wake ibaki kwao. Mtume akasimama na kusema: kila sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia. Mapatano yakapita, sharti likaanguka. Hadithi ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim.

Lakini ndugu yangu huyo amesahau kuuliza nani aliliangusha. Aliliangusha aliyekuwa mtume na hakimu wa mji ule, na neno lake likafuatwa siku ileile. Mama, wewe ukichelewa miezi miwili, nani Lubumbashi atakayeliangusha? Sheria ya Congo inautambua mkataba huu tangu 2015. Hakimu atasoma saini yako, na utalipa. Sharti unaloliita batili moyoni huku ukililipa mfukoni halijaanguka popote. Ninajua wapo wanachuoni wanaomruhusu mtu kusaini akiwa na yakini kwamba hatachelewa. Ninawaheshimu. Ila wewe unawauzia sous-traitance, na wafanyabiashara wa mji huu wote wanajua fakturi zao hukaa muda gani mezani kabla ya kulipwa. Yakini hiyo utaitoa wapi? Kuhusu dharura nitasema kwa ufupi: nyamafu huliwa na anayekufa kwa njaa, na wewe, alhamdulillahi, una duka.

Basi hukumu: kwa jinsi ulivyo, usiusaini. Yakiondoka mambo mawili, dhamana ya gari lililopotea na nyongeza ya kuchelewa, unajuzu.

Na hayo mawili hayaondoki bila kubishana, kwa hiyo nije kwa shemeji yako. Kuona haya ni katika imani, sawa. Ila Barira ndiye aliyejipatanisha na mabwana zake, awamu tisa za miaka tisa, naye ni mwanamke. Na Mtume mwenyewe alipomtaka ngamia wa Jabir wakiwa safarini, alisema niuzie kwa ukia, Jabir akakataa. Akarudia, Jabir akauza, tena akaweka sharti kwamba ampande mpaka afike kwa watu wake Madina. Sahaba anamkatalia Mtume bei, kisha anamwekea sharti la matumizi ya kipando, na hakuna aliyemwambia hana adabu. Ukiona vibaya kwenda peke yako, nenda na mwanao au na shemeji huyohuyo, akae pembeni. Maneno yawe yako, maana deni litakuwa lako.

Ukifika, usianze na 850. Muuzaji hupenda uongee juu ya pesa ya mwezi, kwa sababu anaweza kuishusha kwa kuongeza miezi, na wewe ukatoka unashukuru huku jumla imepanda. Anza na bei ya gari lenyewe. Uliza pikapu hiyohiyo inauzwa ngapi taslimu mahali pengine mjini. Kisha waambie wakuandikie jumla yote kwenye karatasi moja: 6,000, na 30,600 za miezi, na 4,500, yaani 41,100. Watu wengi husaini bila kuiona namba hiyo hata mara moja.

Halafu kilomita. Kwenda Kolwezi ni kama 300, kurudi 300. Kwa wiki 50 ni 30,000 kabla hujazunguka mjini. Unazidi 10,000 kila mwaka, na kwa miaka mitatu hizo senti 15 zinafika dola 4,500, yaani bei ya pili ya kulimiliki gari. Sharti lenyewe ni halali. Fuqaha wetu, wanachuoni wa sheria, walimtoza ujira wa ziada aliyempitisha mnyama wa kukodi mahali walipopatana. Lakini litakutafuna. Omba kilomita 35,000, au waandike kwamba ukinunua gari mwishoni ziada hiyo haidaiwi. Ni ombi la haki: gari lililochakaa litakuwa lako, wao wanalipwa uchakavu wa nani?

Bima ya gari lenyewe iwe juu yao wenye mali. Wakitaka waihesabu ndani ya kodi tangu mwanzo, ijulikane. Ile ya lazima ya barabarani unalazimishwa na serikali, huna dhambi. Oili, matairi na breki ni vyako. Injini na giaboksi vikifa bila uzembe wako ni vyao. Badala ya asilimia 2, wape kitu kingine cha kuwatuliza: mdhamini, au amana ya miezi miwili inayorudi mwishoni, au haki ya kuchukua gari lao ukishindwa kabisa. Mwenye mali ana haki ya kuogopa, na wewe usimdharau kwa hilo.

Wakikubali, iandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo ya kijana wa mauzo haitakusaidia akishahamia kampuni nyingine. Karatasi ni ya Kifaransa, kwa hiyo isomwe na wakili kabla ya kalamu yako, hata kama atakula dola mia.

Wakikataa, waache. Tafuta muuzaji wa kukuuzia kwa awamu, bei moja isiyobadilika. Bei ya muda kuwa juu kuliko ya taslimu si riba kwa wanachuoni walio wengi. Au shirikiana na mwenye pikapu, mgawane faida ya safari. Au kodi gari kwa safari za miezi mitatu ya kwanza, uone kama hiyo kampuni inalipa kwa wakati. Kwangu mimi hili ndilo lenye usalama zaidi, hata wakikubali masharti yako yote. Umeniambia una kazi mpya ya kwanza mikononi, hukuniambia kama mmeshaandikiana nao chochote. Kama hamjaandikiana, anza na karatasi hiyo kabla ya kugusa ya gari.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.