Mwenye Nyumba Anataka Nisaini Karatasi, Nisaini?

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mi ni mpangaji ghorofa ya pili, taa ya kwenye ngazi iliungua zamani na kile chuma cha kushikilia kilikuwa kimelegea, nikamtumia mwenye nyumba meseji mara mbili akajibu fundi anakuja, fundi hakuja. Wiki tatu zilizopita nashuka usiku nikashika chuma kikang'oka, nikaporomoka mpaka chini na kuvunjika mkono wa kulia, na kazi yangu ni ushonaji. Sasa kaja na hela ya hospitali pamoja na karatasi nisaini kwamba hatudaiani tena. Ndugu zangu wanasema nichukue tu, ajali ni bahati mbaya na isitoshe nilijua chuma kibovu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Usisaini. Hela ya hospitali unaweza kuipokea, ila muandikiane kwamba ni ya matibabu ya mpaka siku hiyo tu na madai mengine yako palepale, maana lile neno "hatudaiani" ukishalisaini kwa hiari yako kuja kulifuta mahakamani ni shughuli nzito mno, na sasa hivi mkono uko kwenye plasta, hata daktari hawezi kukuhakikishia kama vidole vitashika sindano kama mwanzo.

Na hao ndugu wanakupenda ila hapa wamekosea. Bahati mbaya ni ile ambayo mtu mwenye akili zake timamu asingeiona inakuja, au aliiona akafanya kila linalowezekana na bado ikatokea. Hii yako aliambiwa, tena kwa maandishi, tena mara mbili! Ngazi ni za wapangaji wote na kuzitengeneza ni juu yake, sio juu yako, kwa hiyo wajibu alikuwa nao, akauacha, na kwa kuuacha huko wewe umeumia. Hapo ndo sheria inasema uzembe, haihitaji kuonyesha kwamba alikuwa na nia mbaya, anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akalipa. Zile meseji ndo roho ya kesi yako, zipige skrinshoti leo hii umtumie na mtu unayemuamini, halafu mtu akupigie picha ngazi, taa na kile chuma kabla fundi hajaja, kwa sababu nakuhakikishia sasa hivi fundi atakuja haraka.

Kuhusu kwamba ulijua chuma kibovu, zamani kweli ungeweza kukosa kila kitu. Mwaka 1809 Uingereza mtu alipita na farasi kwa kasi akagonga nguzo aliyoiweka mwenzake barabarani, akanyimwa fidia yote kwa vile naye hakuwa makini. Wenyewe waliibadilisha hiyo sheria mwaka 1945, na nchi nyingi sasa mahakama inagawa lawama, fidia inapungua kwa kiasi chako, haifutwi (japo kuna sehemu kama Maryland na Virginia kule Marekani bado wanashikilia ule utaratibu wa zamani). Na wewe ungepita wapi dada, dirishani?

Sasa fidia yenyewe watu wengi wanaikadiria kwa bili ya hospitali na hapo ndo wanapopunjika. Kuna vinavyohesabika, yaani matibabu, nauli za kliniki, mtu unayemlipa akusaidie kufua na kupika, na kipato ulichokosa, kwa hiyo tafuta daftari lako la oda la miezi iliyopita, liko sawa na risiti. Halafu kuna maumivu yenyewe na vile maisha yalivyobadilika, hivi havina risiti, vinasimama kwenye ripoti ya daktari, na kama mkono hautarudi sawa kuna kipato cha miaka inayokuja pia. Mazoezi ya mkono uliyoandikiwa usiyaache, ukiyaacha mwenye nyumba atasema umejiongezea hasara mwenyewe.

Muone wakili mapema, madai ya kuumia yana muda wake, Uingereza kwa kawaida ni miaka 3 na kwingine ni mifupi zaidi. Kama huna hela ulizia msaada wa kisheria.

SWALI: Nilikuwa abiria, dereva akagonga, sikufunga mkanda. Ninadai au nimejiponza?

JIBU: Dai. Kutofunga mkanda hakujasababisha ajali, kumeongeza maumivu tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Uingereza tangu kesi ya Froom dhidi ya Butcher, mwaka 1975, kipimo ni hiki: kama mkanda ungekuepusha kabisa na majeraha unakatwa asilimia 25 ya fidia, kama yangekuwa madogo zaidi asilimia 15, na kama ungeumia vilevile hukatwi kitu. Kwa hiyo muombe daktari aandike kabisa umeumia wapi na kwa namna gani, mguu uliobanwa na mlango ulioingia ndani mkanda usingeuokoa.