Jibu kwa mdau wa ufuta Lindi: mashine ngoja kwanza

Mkuu, umesema una milioni sita na umepata Mjerumani anayetaka mtoe naye siagi ya ufuta, sasa hujui pesa uiweke kwenye mashine au kwenye majaribio. Nakujibu kwa yaliyonikuta Newala na mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayobeba korosho.

Kila msimu mabibo yanaoza chini ya mikorosho, isipokuwa yale yanayoanikwa kuwa kochoko au kukamuliwa uraka, ile pombe ya mabibo. Sisi tisa tukaamua kutengeneza juisi ya chupa. Pesa ikaishia kwenye chupa, lebo na mashine ya kukamulia. Majaribio? Tulionja wenyewe, tukasifiana. Siku ya tatu vizibo vikaanza kufyatuka, mwenye duka akanipigia: "Mbona mmeniletea uraka, mimi alhaji mzima?" Na zile ambazo hazikufyatuka zilikuwa na ukakasi ule unaokwaruza koo.

Msimu wa pili tukampata Mbrazili mmoja mtandaoni, mtu wa mambo ya vyakula. Mkorosho asili yake ni kwao, Wareno ndio walioutoa huko, na kaskazini-mashariki ya Brazil wana juisi angavu ya bibo iitwayo cajuína. Akatuelekeza: ukakasi ni tanini, kitu cha asili ndani ya tunda; tia jelatini, ule unga wa kugandishia vyakula, itashikana na tanini vizame pamoja, chuja, kisha chemsha ikiwa ndani ya chupa iliyofungwa. Tukajaribu kidogo, ikakubali. Nikawa mbioni kuagiza ya kutosha. Mama mmoja wa kikundi, yeye ndiye mkamuaji, akauliza tu: "Hiyo jelatini ya mnyama gani?" Tukatazamana. Mbrazili akajibu kuwa ipo ya ng'ombe na ipo ya nguruwe, wala hakuona kwa nini tunauliza. Huku kwetu uvumi wa siku moja ungetufungia soko toka Newala mpaka Mikindani.

Mwenzetu aliyewahi kusoma India akamuuliza rafiki yake wa Kerala, jimbo la kusini mwa India. Kule, akasema, wanasafishia kwa sago. Na sago ya India ni wanga wa muhogo. Muhogo, mkuu! Tumeukalia.

Tukapanga ndoo 12 barazani, kila moja na kipimo chake cha uji wa sago, namba imeandikwa kwa mkaa ukutani. Ya saba ndiyo iliyotulia. Kufika adhuhuri tope la kahawia lilikuwa limekaa chini, na juu unaona mpaka kucha ya kidole ukikitumbukiza.

Saa nazo zilitutesa. Ukikamua saa moja asubuhi, Brazil ni saa saba usiku. Mpaka aamke ajibu, bibo limeshachacha. Mhindi yuko mbele yetu saa mbili na nusu tu, ndiye akawa daktari wa zamu.

Pesa ya msimu huo ilikwenda wapi? Friza la mtumba. Ukikosea Novemba unasubiri mwaka mzima, kwa hiyo tuligandisha juisi tukaendelea kukosea mpaka Machi. Wazee wa huku wanajua hesabu hii ya kujaribu huku msimu unakukimbia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho takriban tani 145,000; 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ilikuwa mbovu, watu walihamishwa mbali na mikorosho yao, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, nao ukapiga. Watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wakakaa na Waingereza msimu baada ya msimu kuchunguza salfa ya kuuzuia ipulizwe lini na kiasi gani. Ua la mkorosho halikuwangoja.

Wewe sasa. Mashine azima au kodi. Saga kidogo kidogo kwa vipimo tofauti vya kukaanga, maana ufuta ukizidi moto kidogo tu siagi inakuwa chungu. Kila kipimo, makopo matatu kwake Ujerumani kwenye baridi, matatu kwako kwenye joto la Lindi, mtumiane picha kila Ijumaa muone mafuta yamepanda kiasi gani. Akuandikie mapema vipimo vya maabara ambavyo soko lake linadai, si baada ya mzigo kufika bandarini. Na anayekaanga mwingize kwenye kundi la WhatsApp, hata kama atatuma sauti tu na wewe ndiye unatafsiri.

Sisi vizibo havifyatuki tena. Rangi ndiyo bado inatusumbua, ikikaa miezi miwili inakuwa kama chai. Mbrazili anasema kwao ndivyo wanavyoipenda.