Usingoje homa: nenda hospitali leo

Ndugu yangu wa Wete, umeeleza kwamba kondomu ilipasuka juzi usiku, na umeuliza iwapo ungoje mwezi mzima ndipo upime VVU, yaani virusi vya Ukimwi, kwa kuwa hujahisi homa. Nakusihi usingoje. Majaribio kwa nyani walioambukizwa SIV, virusi vilivyo jamaa wa karibu wa VVU, yameonyesha kwamba virusi huvuka utando laini wa sehemu za siri ndani ya saa chache, huingia katika chembe chache za CD4 (chembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili) zilizo hapo hapo na kuzaliana humo kwa siku kadhaa, kisha hufikia tezi za limfu na hatimaye damu, ambayo huvieneza mwili mzima. Na utumbo, wenye chembe nyingi za CD4, huumia vibaya katika wiki za mwanzo, hata kabla mtu hajashuku lolote. Dawa za kinga (PEP), ambazo ndizo unazoziendea hospitali leo, hulenga kuvizuia virusi kabla havijaenea, ndiyo maana huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28 bila kukatiza. Kwako saa zilizobaki si nyingi. Haya isikuzuie, kwani mhudumu wa afya ana wajibu wa kutunza siri yako. Kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha maambukizi ya juzi, hivyo utapima tena kwa tarehe utakazopewa, na hadi hapo tumia kondomu.