Nyongeza kwa wanaoanza kulenga shabaha

Yaya, umeuliza wanaoanza pale klabu yenu ya upinde na mishale ya Lubumbashi watashindanaje na wazoefu bila kukata tamaa. Wapeni alama za nyongeza! Kila mmoja apige mishale 30, umbali wa mita 18. Alama za juu kabisa ni 300. Mwenye wastani wa alama 190 akimwita wa 260 washindane, tofauti ni 70. Mimi ningempa huyo wa 190 nyongeza ya 56, yaani asilimia 80, ili mzoefu naye aone faida ya mazoezi yake. Rudieni kuhesabu wastani kila baada ya mechi, maana mgeni hupanda haraka. Wapangeni wote kwa nafasi, na anayetaka kupanda amwite aliye nafasi moja au mbili juu yake. Akishinda, wabadilishane nafasi.

Mshale uliogusa mstari kati ya duara mbili za shabaha hupata alama ya ile duara yenye alama nyingi zaidi. Andikeni alama kabla ya yeyote kuugusa mshale, tafadhali, ugomvi mwingi huanzia hapo.